Sifuri ya Chilonwa

Nachapa kazi za watu hapa Ng'ong'ona,
kibanda cha pili baada ya banda la chipsi.
Kuchapa, kutoa kopi, kujalidi kwa gamba gumu jeusi,
maandishi ya dhahabu ukiongeza elfu tano.
Chuo sikusoma. Ila chuo kimepita vidoleni mwangu,
sura ya kwanza hadi viambatisho.

Mwaka elfu mbili kumi na moja alikuja Amoni Mahelela,
viatu vyekundu kwa vumbi la Chamwino,
daftari limevimba kwa jasho.
Kisima cha Chilonwa alikuwa amekipima mwenyewe:
kamba ya katani, jiwe, fundo kila mita,
na kina mama wa foleni ya ndoo wakimhesabia kwa Kigogo,
wakimcheka kila aliporuka fundo.
Mita arobaini.
Majina yao aliyaandika yote,
mpaka la mtoto aliyemshikia jiwe.

Umeme ukakatika, ukarudi saa nane usiku.
Mimi na usingizi tukaimalizia kazi pamoja,
kidole kikalala juu ya sifuri.
Mia nne.
Hakuna aliyeona. Msimamizi akatia sahihi,
kitabu kikapanda rafuni,
Amoni akaenda kufundisha jiografia Kibaigwa.

Kisha nikaanza kukutana na kisima changu.
Miaka miwili baadaye, kwa kijana mmoja wa Songea:
"Utafiti wangu ulibaini kuwa kina cha kisima ni mita 400."
Utafiti wake! Na viatu vyeupe vile?
Mwaka wa kumi na sita walikuja wawili,
sentensi ileile, koma palepale;
mmoja kageuza "kina mama" kuwa "wanawake",
akadhani kubadili pazia ni kuhama nyumba.
Nami nachapa. Ukurasa shilingi mia tano.
Wanasema siku za mwizi arobaini.
Hawa niliwaongezea sifuri kwa mkono wangu,
wakatamba siku mia nne.

Jana kaja Editruda, utetezi wake Alhamisi,
flashi inaning'inia shingoni kama hirizi.
Ukurasa wa thelathini na mbili: Chilonwa. Mita 400.
Vidole vikagoma.
"Hiki umekipima wewe?"
"Nimesoma, dada. Kwenye kazi ya mtu."
"Mtu nani?"
Akaitazama feni.
"Lakini maneno nimebadilisha."
"Maneno umebadilisha. Na kisima?"

Nikamweleza kamba. Nikamweleza sifuri,
mara ya kwanza kuitamka mbele ya mtu,
ikanitoka kooni kama mwiba wa perege wa Mtera.
Mradi wa maji ungeweza kuusoma ukurasa huo
na kusema: Chilonwa tusihangaike, maji yako mbali mno.
Na wale kina mama?
Chanzo ni chanzo, cha maji au cha maneno;
ukificha kamba, anayekuja na kiu nyuma yako
atashuka na nini?
Kumbe ndiyo maana yanaitwa marejeo.
Miaka yote nayachapa mwishoni, kwa herufi ndogo,
sikuwahi kusikia ndani yake kurejea.

Hakulia. Aliomba kigoda.
Akafuta "ulibaini". Akafuta "wangu",
hilo lilichukua muda.
Akaandika: Kwa mujibu wa Mahelela (2011),
na nukta mbili, na alama za kufungulia semi.
Nikamshika mkono: mpigie kwanza. Namba ninayo.

Amoni akapokea katikati ya kelele za darasa.
"Arobaini! Nani kasema mia nne?"
Nikaichukua simu.
"Mimi."
Kimya. Dawati likaburutwa huko Kibaigwa.
"Basi nitumie jina lako kamili," akasema,
"nikiandika masahihisho niseme nani kayaleta."

Nimechapa majina ya mamia kwa dhahabu.
La kwangu nikalikosea herufi,
nikafuta,
nikaanza upya.