Kata ya Mwanamkasi

Bomba la wodi ya wazazi lilikohoa mara mbili,
likatema kutu, likanyamaza.
Siku ya nne hiyo, Kisauni haina maji,
na Katana wa mkokoteni kapandisha bei:
mtungi hamsini, tena ya kisima, ya chumvi,
sabuni haitoi povu,
inateleza tu kama jibu la ofisa wa maji.

Saa tisa usiku.
Mama wa kitanda cha pili anawaka homa.
Mama wa kitanda cha tano anasukuma, anamwita mamake.
Natoka huku, nakimbilia kule,
glavu zile zile,
mkono nimeshautanguliza —

"Simama hapo."

Mwanamkasi mpiga deki,
buti za mpira, leso kiunoni,
kasimama kati yangu na pazia,
mkononi kata ya kifuu.
"Vua."
"Mama, kichwa kinaonekana."
"Nakiona. Vua. Na hiyo pete."

Akamimina
kidogo kidogo, kama anayehesabia mtu deni.
"Mbele ya Mola husimami bila udhu;
mbele ya mwenye uchungu wasimama vipi?
Kati ya vidole. Bado.
Gumba umeliacha yatima."

Mimi na cheti changu ukutani
nikalisugua gumba.

Ndipo nikaona pembe ya leso yake:
mafundo matatu, yamekazwa.
Sikuuliza. Nilikuwa zamu usiku wa wawili kati yao,
homa ya siku ya tatu baada ya kujifungua,
shuka nyeupe, mume mlangoni na beseni jipya.
Faili ziliandika "Mungu kapenda".
Yeye ndiye aliyepiga deki chini ya vile vitanda,
akajua maji ya ndoo yalitoka wapi yakaenda wapi.

Glavu mpya. Pazia.
Mtoto akapiga chafya kabla ya kulia.

Asubuhi daktari mkuu alikuja kupitia wagonjwa,
tai yake ikilamba shuka moja baada ya nyingine.
Mwanamkasi alishaondoka,
kwa miguu, hadi Mtopanga;
nauli yake ilikuwa ndani ya mtungi,
na mtungi umebaki nusu.

Daktari akanyoosha mkono kwenye kitovu kibichi.
Nilisikia sauti, nikadhani amerudi.
Kumbe ni mimi, kata mkononi, magoti yananicheza:

"Simama hapo, daktari.
Anza na saa."