Dhiraa ya Fundi Mcha

Nyumba yetu ya Kajengwa ina chumba kipana na chumba chembamba,
na ukuta wa kati umepinda kidogo,
kama mtu aliyeitwa jina lake akiwa ameshaanza kuondoka.

Juzi alikuja kijana wa vipimo kutoka mjini,
futi yake ya bati imejikunja ndani ya kikopo.
Akapima mashariki, akaandika.
Akapima magharibi, akaandika, akafuta.
Akanikuta mlangoni nasuka ukili, akauliza:
"Dada, pembe mraba ya nyumba hii iko wapi?"
Nikamwambia, haikualikwa.

Kaa barazani, basi. Sogea, usikalie kome.
Ndiyo, kome, humo ndani ya jiwe:
amekufa kabla hakujawa na watu,
na mlango wake bado uko wazi.

Babu yangu Mcha Vuai hakuwa na futi.
Alikuwa na mkono.
Kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, dhiraa moja,
na kwa dhiraa hiyo akajenga nusu ya mtaa huu.
Mawe aliyajua kwa kuyagonga.
Linaloitika huenda pembeni, libebe.
Lililonuna hutiwa tumboni mwa ukuta, kati ya wenzake,
limezwe na chokaa, lizoee.

Chokaa walichoma wenyewe:
magogo ya minazi yamepangwa duara, matumbawe juu yake,
moto kutwa kucha, na nguo kwenye kamba
zikanuka bahari iliyoungua.
Kisha ikamwagiwa maji, ikafukiwa, ikaachwa ilale miezi.
"Chokaa ya jana," akisema, "haishiki hata aibu."

Boriti zilitoka Uzi, za mkandaa.
Na mkandaa una urefu wake, haubembelezwi.
Chumba hakiwi kipana kuliko mti,
kwa hiyo mti wa matopeni ndio uliopanga
kitanda kikae wapi,
watoto wangapi walale safu moja,
na mke akinuna ageukie ukuta upi.

Chumba cha mashariki kilikwisha Mfunguo Tatu.
Mfunguo Nne, chimboni, jiwe likateleza
likaondoka na pingili mbili za kidole cha kati.

Hakulia, wanasema. Mimi siamini.

Siku ya nane akarudi kazini, mkono umefungwa kipande cha kanga.
Akaweka kiwiko kwenye msingi,
akapima hadi pale kidole kilipokomea.
Kwa ukaidi. Kidole cha pete kilikuwapo, kizima, kirefu zaidi sasa,
hakukubali kukiazima.

Bibi Mize alikuwa akikoroga chokaa. Aliona.
Kila dhiraa imepungua vidole vitatu,
na ukuta unaingia ndani, unaingia.
"Nimwambie nini?" alinieleza mwenyewe, miaka mingi baadaye.
"Nyumba yetu sote, mkono wake peke yake."
Akaendelea kukoroga.

Boriti zikazidi chumba. Hakuzikata.
Zimechomoza nje hadi leo:
ya kwanza tunatundika vitunguu, ya pili redio,
ya tatu kunguru kaimiliki.

Na si hii tu. Nyumba ya Pandu Makungu,
ya Bi Sichana, hata banda la mbuzi la Ussi:
zote za baada ya jiwe lile, zote fupi vivyo hivyo.
Umeme ukikatika, mimi hupita uchochoroni nikigusa kuta,
nikajua hapa kidole kipo,
hapa hakipo.

Kijana alinisikiliza, kalamu sikioni.
Nikachungulia daftari lake: *kosa la ujenzi*.
Nikamwambia, futa hilo.
Andika kidole.

Sijui kama aliandika. Nilikwenda kumchukulia maji,
na niliporudi, kabla hajaniona,
futi ilikuwa chini, kwenye vumbi,
na yeye ameegemeza mkono ukutani,
kiwiko hadi ncha,
anahesabu kimyakimya.

Hakuniambia alipata ngapi.