Kitako cha Kopo

Kopo la mama lilikuwa na kitako kizima.
Langu nililigonga nyundo, kitako kikaingia ndani
kiasi cha punje thelathini za maharage.
Sokoni Mbuyuni nani ana muda wa kuhesabu?

Haba na haba hujaza kibaba,
mama alizoea kusema alfajiri
tukishusha magunia ya Rombo, vidole vimekufa ganzi,
mlima bado umejifunika shuka.
Nami nikaishika methali, neno kwa neno:
thelathini asubuhi, thelathini jioni,
nikaezeka jiko kwa mabati mapya.

Masika haya wateja hawagombi.
“Shimbonyi, mama Aikande,” wananisalimu vizuri tu,
wanapita,
wanakwenda kupimiwa kwa Ndelilio.
Nao wameondoka
haba na haba.

Jana nikamlaumu mama, macho yake hayaoni tena:
mbona hukuniambia methali ina upande wa pili?
Akaomba kopo. Akalipapasa.
Kidole kikatulia palipobonyea.

“Nilikupa methali,” akasema,
“na kopo zima.”

Kisha akauliza kama mvua imekatika,
maana juu ya mabati yangu
haachi kuisikia.