Orodha ya Shughuli

Saa tatu kamili: dua. Hapo hapana mabadiliko.
Nimeliandika neno hilo mara mia tisa na kitu,
mkono unalijua kuliko mwenyewe.
Kisha, Hati za Kuwasilisha Mezani.
Kisha, Maswali na Majibu,
na hapo ndipo ninapopunguza mwendo.

Usiku, Chukwani. Mashine ya kunakili inakohoa
kama aliyepaliwa na ubuyu.
Makame wa stoo keshapanga jalada za waridi,
anapiga miayo, anauliza: Bi Raya, bado?
Bado. Kesho wana Mswada wa Mchanga na Kokoto,
kusomwa mara ya pili.
(Mara ya kwanza lilisomwa jina lake tu, wakaenda kunywa chai.)
Jumatano ni Kamati ya Baraza Zima, kifungu kwa kifungu;
wataligombania neno "au" mpaka adhuhuri,
na "au" litabaki pale pale, limekaa kitako.
Ijumaa wataahirisha mapema, watu wakasali.

Kwetu Mchangamle, Pemba, baraza ni simiti iliyopasuka
mbele ya duka la Bi Mize.
Hakuna Spika. Asiyetakiwa kusema
hukatizwa kwa kikohozi, si kwa kanuni,
na hoja huungwa mkono na aliyepita njia,
ndoo kichwani, bila kusimama.

Swali Namba 47.
Nalijua. Ni la mwaka juzi, limerudi na koti jipya.
Mwaka juzi nilikuwa na haraka, nikaidondosha herufi,
nikaandika: *kisma cha Mchangamle*.
Nikaliona kosa karatasi zimeshagaiwa.
Hakusimama mtu kuhusu utaratibu.
Nikasema moyoni, alhamdulillah, limepita.

Jibu likaja limegongwa muhuri:
*Kisma hicho kimo katika mpango.*
Mwaka jana: *Kisma hicho kimo katika mchakato.*
Na bahasha ya leo jioni, bado ina joto la wizara:
*Kisma hicho, Mheshimiwa Spika, kitaangaliwa
kwa kadiri fedha zitakavyopatikana.*

Nimeisoma mara tatu, miwani juu, miwani chini.
Miaka miwili mizima
hajaenda mtu kuchungulia shimo lile.
Walichochungulia ni herufi zangu.

Juzi mama alinipigia.
Hakulalamika, hana tabia hiyo.
Alisema tu: uji siku hizi hatuutii chumvi.

Kazi yangu haina maoni. Katika taarifa rasmi
mimi ni mabano:
(Makofi). (Kicheko). (Hapa kipaza sauti kilizimwa.)
Nimewahi kumwuliza mkuu wangu, Mzee Haji Vuai,
kimya kinaandikwaje?
Akafikiri, akaifuta kalamu yake kwa shati.
Kimya, akasema, hakiandikwi. Unaruka mstari.

Bi Raya, bado?

Swali ni langu kulisahihisha; ndiyo kazi ninayolipwa.
Jibu la Waziri si langu, hata nukta siigusi.
Basi naitia ile "i" mahala pake,
nyembamba, imesimama kama kijiti cha kupimia maji.
Kesho yatakuwa kwenye ukurasa mmoja,
*kisima* juu, *kisma* chini,
kama watu wawili wa mtaa mmoja wasiosalimiana.

Labda Mheshimiwa wetu atazisoma karatasi
kabla ya kuzifanya kipepeo.
Labda atasimama, arekebishe kofia, aseme:
Mheshimiwa Spika, nina swali la nyongeza,
hicho *kisma* kiko wapi?
Maswali ya nyongeza hayamo katika orodha.
Siwezi kuyapanga, wala kuyapa namba.

Chukua, Makame. Nakala themanini na mbili.
Anazipokea kwa viganja viwili, moto,
anazibeba kama mkate wa kumimina.

Siwa itaingia mbele ya Spika.
Nitakuwa nyuma ya kioo, visikizi masikioni,
mabano ya kwanza nimeshayafungua