Foronya

Tumpe, uliniuliza kwa kunong'ona, mtandao ukikatika,
kama ipo dawa ya kichwa kinachotoa mafuta.
Ulinong'ona kana kwamba umeua mtu.
Basi nakujibu kwa kalamu,
maana mambo ya nywele hayataki haraka.

Huku Katumba mvua haijanyamaza tangu Jumapili.
Ukungu umelalia chai kama blanketi la wodini,
nami nimejifunga kilemba tangu alfajiri,
juu ya kilemba plastiki, juu ya plastiki mvua,
na chini ya vyote hivyo kichwa kinachuruzika.
Mama aliniita Kisima-cha-Samli.
Alicheka, nami nikacheka,
kisha nikaenda kulia bandani, kwa mbuzi.

Unaikumbuka ile foronya nyeupe ya harusi ya Sekela?
Niliilalia usiku mmoja tu.
Asubuhi pana doa, la njano, refu, limepinda kiunoni:
Ziwa Nyasa zima, na Matema yake kichwani.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, nikatangaza vita.
Sabuni ya mche, asubuhi na jioni.
Kisha ndimu, sita, nikazikamulia utosini,
nikakaa nje kulisubiri jua la Tukuyu
ambalo huja kama mgeni aliyeacha gari linanguruma.
Ngozi iliwaka. Ikachubuka. Ikamwaga unga mabegani.
Siku ya tatu mafuta yakarudi,
na ukoo mzima nyuma yake.

Syabumi, karani wa mizani, alinitazama akaguna:
"Kichwa kikiogopa kiu, mwanangu, kitajichimbia visima."
Akaandika kilo zangu, akamwita anayefuata.

Kwa hiyo, sikiliza.
Chukua chai. Si ya pakiti, chukua majani mabichi...
lakini huko Iyunga utayapata wapi? Haya, hata ya pakiti.
Ichemshe hadi ifanane na mto Kiwira siku ya mafuriko.
Iache ipoe. Ipoe kweli, najua papara zako.
Tia mchaichai; nakutumia ule wa nyuma ya choo cha zamani,
usikunje uso, harufu yake haijui ilikoota.
Shubiri nayo ipasue, uichuje kwanza ule utomvu wa njano,
huo unawasha,
halafu ute wake uupeleke ngozini kwa ncha za vidole,
polepole, si kama unayekwangua ukoko wa ugali.
Suuza kwa maji ya mvua. Mara mbili kwa wiki. Basi.

Na mafuta ya parachichi waachie wenyewe.
Rungwe yote sasa ni parachichi, kila duka lina kichupa,
na kila muuzaji atakuapia kwa jina la mama yake.
Ni mazuri, sikatai, kwa wenye kiangazi kichwani.
Mimi na wewe tulizaliwa masika.

Nisikudanganye: hakitakauka.
Siku ya nne bado nang'aa,
na wavunaji wenzangu bado wana mdomo.
Ila sasa nakijua kichwa changu kama ninavyojua shamba,
wapi panatuama maji, wapi pa kupita kwa hatua ndogo.

Jambo moja sikuwahi kukwambia.
Mama alipolazwa Makandana, muuguzi aliniomba nimwoshe nywele.
Nilibeba chai yangu kwenye chupa ya soda.
Nilifungua kilemba, kile cha bluu, ambacho hatukuwahi kumwona bila nacho,
na vidole vyangu vikateleza.
Alifumba macho.
"Kisima," akasema, "umefika kwenye chemchemi."

Furushi linakuja na basi la saa nne.
Chini ya mchaichai nimekuwekea foronya yake.
Usiifue.
Inyooshe tu mezani, uitazame:
ziwa ni lile lile.