Soda Hasi Moja

Mashine yangu haina bati wala kioo.
Inakaa ndani ya kompyuta ya binamu Chedego,
ile iliyong'oka kitufe cha herufi E,
kila E naibonyeza kwa ncha ya kalamu.

Nimeiwekea soda mia saba, maji mia tano,
karanga mia mbili, zabibu kavu elfu.
Kama hela inatosha, toa.
La sivyo, sema: Haitoshi.
Mistari kumi na tisa, usiku mzima,
upepo wa Julai ukikung'uta mabati ya Nkuhungu.

Mara ya kwanza iligoma
kwa nukta pacha niliyoisahau mstari wa sita.
Mara ya pili ilimeza elfu ikanyamaza,
kama fundi aliyekwisha kula advansi.
Mara ya tatu ikatoa soda, ikatoa soda, ikatoa soda,
haikujua pa kukomea,
nikafunga kifuniko haraka
kana kwamba sakafu ingelowa.

Asubuhi, mama hajafungua duka,
nikamwambia, njoo uwe mteja.
Akajifuta unga mikononi. Akachagua namba moja, akaweka elfu.
*Chukua soda yako. Chenji: 300.*
"Mia tatu kamili? Haikupi pipi?"
Haitoi pipi, mama.
"Basi haijawahi kukosa sarafu hiyo."

Akanunua tena, na tena,
kwa ukali wa mtu anayekagua duka la mwenzake,
soda zote tano zikaisha
na ya sita ikatoka.
*Soda zilizobaki: -1.*

Nikaona aibu. Sikuiambia ihesabu rafu.
Mama akainama, akasoma polepole.
"Hasi moja. Hii naijua.
Hii ni ya Chiloleti. Kalipa Jumanne,
kreti linakuja Alhamisi."

Kisha: "Na asiye na hela?"
Nikamwonyesha mstari wa mwisho.
Akaleta daftari lake, jalada limelainika kama kitambaa.
"Mwalimu Ndahani, sukari nusu: Haitoshi.
Mama Nyemo, sabuni: Haitoshi.
Huyu ni Haitoshi tangu Pasaka,
lakini ndiye aliyechimba kaburi la bibi yako
jua la saa nane, hakuomba hata maji.
Mashine yako inalijua hilo?"

Akaenda kufungua duka, hakungoja jibu.

Nimeongeza mstari wa ishirini:
kama rafu ni sifuri, sema Zimekwisha.
Sasa inakataa vizuri kabisa.
Nimeijaribu mara nane, inakataa.

Chini yake nilitaka kuandika *deni*,
kalamu imeviringika uvunguni.
Nikaandika *daftari*,
neno lisilo na E hata moja,
alama ya sawasawa,
na mabano mawili yasiyo na kitu katikati.
Sijui bado yaanze na jina la nani.