Herufi A Zilipokwisha

Shekue aliingia Jinja na begi la katani
na deni la nauli.
Korogwe, alisema, kila kitu ni katani,
hata ndoto huwasha.
Mtaa wa Iganga akaitwaa mashine ya Bwana Lobo,
aliyepewa siku tisini,
kikombe chake cha chai kikiwa nusu dirishani.

Mimi, Nabwire, nilikuwa na miaka kumi na saba.
Niliajiriwa kwa vidole vyembamba
na kwa kutouliza mshahara unatoka wapi.

Sanduku la herufi lilikuwa limezoea Kiingereza:
e tele, t tele.
Kiswahili hula a kama nzige.
Panga "maana" mara tatu, "mapambazuko" mara moja,
unabaki unapapasa vumbi la risasi
(neno hilohilo, ya herufi na ya bunduki).

Basi Shekue akakata.
Palipotaka "matamanio" akaweka "moyo".
Palipotaka mshororo mzima akaacha ukimya,
mweupe, mpana kama shuka ya hospitali.

Wazee wa vina wakaandika kutoka Tanga:
umelivua shairi nguo sokoni.
Wasomi wakaja kwa basi kutoka Makerere,
wakaupigia makofi ukimya ule, wakauita usasa.
Yeye akaniangalia.
Mimi nikaangalia sanduku.

Wake wawili walimwacha, mmoja mara mbili.
Vitabu vinne, nakala mia mia,
na katikati yake lebo za sabuni,
risiti za kinyozi, waragi ya kukopa.
Majirani walikunja uso akisalimia:
Kiswahili, miaka ile,
kilikuwa sauti ya mlango unaopigwa usiku.

Nao ukapigwa.
"Wewe kuja hapa!"
Shekue, shuka kiunoni, akajibu:
"Njoo. Husemi kuja. Unasema njoo."

Walimrudisha siku ya tisa,
vidole viwili vya kulia vimekauka kama vijiti.
Akapanga kwa kushoto.
Ukimya ukazidi kurasani,
na safari hii a zilikuwepo.

Kila mwisho wa mwezi alimwandikia mama yake.
Posta nilikwenda mimi. Mara moja gundi haikushika:

*Mama ninakuarifu, mwanao sijambo huku,*
*Mfuko wangu dhaifu, ila nala kila siku,*
*Vidole ni kamilifu, vyapanga hata usiku,*
*Nitakuja nikipata, nauli na radhi zako.*

Kumi na sita, kumi na sita.
Nilihesabu kwa kucha njia nzima,
nikitafuta palipopungua.
Hapakupungua kitu ila ukweli, mshororo wa tatu.

Sabini na tisa wakaja askari wengine,
Kiswahili chao laini, chenye njoo na tafadhali.
Kijana mmoja wa Muheza akamuuliza:
"Ndugu, kwani wewe ni wa wapi?"
Shekue alifikiri muda mrefu
kuliko swali lenyewe.

Aliondoka na lori lao, hakuaga.
Mashine aliniachia, na madeni,
na kikombe cha Lobo.
Herufi a alizibeba zote, ndani ya soksi.

Miezi sita kadi za harusi za Jinja
zilitoka hivi:
K ribuni ny te.
Wateja wakaja juu.
Nikawaambia ni usasa.